Kapu la Gulio la Jumamosi: Uchambuzi kutoka Muheza

Ndugu watazamaji, karibuni. Leo sichambui bidhaa ya dukani, bali kapu hili la ukili nililolijaza asubuhi katika gulio la kijiji kimoja wilayani Muheza. Nilifika kabla ya saa moja, matenga yakiwa bado yanashushwa kwenye bodaboda.

Nianze na machungwa, kwa kuwa Muheza haitajwi bila machungwa. Tazameni rangi yake: ni ya kijani, na wengi wenu mtadhani kwamba hayajaiva. Yameiva. Ganda la chungwa hupoteza ukijani pale usiku unapokuwa wa baridi, na ukanda wetu wa joto hauna baridi ya kutosha, hivyo tunda hukomaa na kujaa utamu ndani huku nje likibaki vilevile. Kwa hiyo msiliamini jicho. Chukueni mawili yaliyolingana ukubwa, myapime mkononi, kisha mchague lililo zito, kwani uzito ule ni maji. Bibi aliyeniuzia, baada ya kuitikia shikamoo yangu, alinimenyea moja kabla sijatoa hata senti, akaniambia kwamba alilichuma jana alasiri katika mti ulio nyuma ya nyumba yake. Nililila nimesimama, maji yakinichuruzika hadi kiwikoni. Raha ya gulio ninaiona hapo hasa: anayekuuzia ndiye aliyepanda, na ukimuuliza lolote kuhusu tunda lake, jibu analo.

Viungo hivi vimeteremshwa kutoka Usambara Mashariki, upande wa Amani, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902. Huu ni mdalasini. Gome lake ni jembamba, limejikunja tabaka juu ya tabaka kama karatasi iliyosokotwa, na linavunjika kwa vidole. Ukiona gome nene, gumu, lenye mkunjo mmoja tu, huo ni wa aina nyingine, wenye ukali zaidi na harufu isiyo laini kama hii. Iliki nunueni ikiwa ndani ya maganda yake, maana punje zikishatolewa, harufu huondoka upesi.

Kasoro ipo, nami sitaificha. Maharage na choroko hupimwa kwa kisado, si kwa mizani, na kisado kilichobonyea kitako humpunja mnunuzi asijue. Leo nilikutana na kimoja; nikaomba kukigeuza, na muuzaji akakibadilisha bila ugomvi. Nanyi fanyeni hivyo, kwa adabu, baada ya salamu. Hata hivyo tukumbuke kwamba mkulima naye hupunjwa, tena zaidi, pale mlanguzi anapomtaka ajaze lumbesa, lile gunia lenye kilemba juu, ingawa limepigwa marufuku, na kulilipia kama gunia la kawaida. Fedha unayomkabidhi mkononi gulioni haipiti huko, na ndiyo sababu mimi simwombi bibi wa machungwa anipunguzie bei.

Mvua ikinyesha, tope ni jingi. Vaeni viatu vya kufaa. Chukueni pia fedha ndogondogo, kwa sababu chenji asubuhi ni ya shida, na msichelewe, maana kufikia saa nne machungwa mazuri yameshachaguliwa. Bibi ameniahidi machenza Jumamosi ijayo, nami nimemwambia nitakuwapo kabla hajatandika mkeka wake.