TAHADHARI: alamu za gesi asilia za betri kutoka China, nimepigwa mzigo wa piisi 300

Wadau habari za saa hizi. Nimejizuia wiki mbili nzima nisiandike hii kwa hasira, sasa nimetulia kidogo. Kama unaagiza alamu za kugundua gesi inayovuja, au unataka kutengenezesha za chapa yako kama nilivyofanya mimi, soma kwanza kabla hujatuma hela. Jina la kampuni silitaji na hata ningelitaja lisingekusaidia, jamaa anabadilisha jina kama nguo, mpaka sasa nimemkuta na majina matatu. Ninachokupa ni alama zake, maana hizo hazibadiliki.

Mimi kazi yangu ni kufunga mabomba ya gesi jikoni hapa Dar. Zamani ilikuwa mitungi tu, siku hizi kuna nyumba zimeunganishwa gesi asilia ya bomba, Mikocheni huko, Sinza, na Mtwara pia wapo, na kila mteja wa bomba anauliza kitu kilekile, je ikivuja usiku nimelala nitajuaje. Alamu za kuchomeka kwenye umeme zipo lakini umeme wetu tunaujua, halafu jikoni nyingi soketi ni moja na friji imeshaikalia. Nikaona hapa kuna hela, alamu ya betri, unabandika ukutani umemaliza.

Nikaingia Alibaba, nikaongea na supplaya kama sita, huyu ndiye alikuwa mchangamfu kuliko wote, anajibu saa nane usiku, anakuita brother, anakutumia video za kiwanda. Bei yake dola 7.20 kwa piisi na stika ya chapa yangu juu, wengine walikuwa wanataka zaidi ya mara mbili ya hapo. Hapo ndipo nilitakiwa nishtuke ila tamaa, si unajua tena. Akaleta sampo mbili kwa DHL, nikazijaribu wiki nzima, zinafanya kazi vizuri kabisa. Nikaagiza piisi 300, jumla dola 2,160, advansi asilimia 30 ambayo ni 648.

Siku ya kulipa salio akaanza hadithi. Eti akaunti ya kampuni iko kwenye ukaguzi wa kodi, nilipe nje ya mfumo kwenye akaunti ya Hong Kong yenye jina la mtu binafsi, na atanipunguzia dola 60. Nikalipa. Ule ulinzi wa malipo wa Alibaba nikawa nimeutupa mwenyewe kwa dola 60, naomba mnisamehe tu msinicheke.

Mzigo ukaja kwa meli kupitia ajenti wa kago wa Guangzhou, nikaufungua dukani, nikachomoa tano bila kuchagua, nikaweka betri, nikasubiri taa iwe kijani, nikasogeza kiberiti cha gesi bila kuwasha moto nikaachia gesi kidogo, zote tano zikapiga kelele mpaka jirani akaja. Roho ikatulia. Nikaanza kufunga kwa wateja, na kwa kila mteja nafanya mchezo uleule wa kiberiti, mteja anafurahi, analipa.

Mwezi wa pili tangu nianze kuzifunga napigiwa simu na mama mmoja wa Mikocheni, mtu mzima, tunaheshimiana sana. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, hiki kidude chako huwa kinalala? Nikamuuliza kwa nini. Anasema tangu asubuhi jikoni kunanuka ile harufu ya gesi, amefungua madirisha, amefunga koki, kidude kipo juu ukutani kinapepesa kijani kama hakuna kitu. Nilifika kwa bodaboda. Nati nyuma ya jiko ilikuwa imelegea, nikapaka povu la sabuni linafura mapovu palepale. Alichookoka nacho ni pua yake tu, kile kidude hakikusema neno.

Nikakichomoa nikaenda nacho kwa fundi wa elektroniki mitaa ya Kariakoo, tukakifungua na bisibisi. Ndani kuna betri tatu za AA, bodi ndogo, na sensa ya zile za kopo la chuma lenye wavu, familia ya MQ ambayo mafundi wanaijua, za kujifunzia. Fundi akaweka kidole juu ya kopo, akanitazama, akasema bosi hii ni ya baridi. Sensa ya aina hii ikiwa kazini lazima iwe na joto, ukigusa unalisikia kabisa, maana ndani ina kipasha joto na bila joto haioni gesi. Tukashika mita kwenye miguu ya kipasha joto. Sifuri. Tunakaa, tunakaa, dakika ya tano sindano inaruka nusu sekunde halafu sifuri tena.

Akachomoa betri, akarudisha. Hapo sasa mita ikapanda mpaka volti 4 na kitu, kopo likaanza kupata moto, akasogeza kiberiti, kelele! Akaniambia tusubiri. Baada ya dakika kumi hivi mita ikashuka sifuri, kopo likapoa taratibu, akasogeza kiberiti tena, akaachia gesi mpaka chumba kinanuka, kimya. Taa kijani.

Mmeelewa walichofanya? Programu ya ndani imewekwa ipashe sensa joto dakika kumi za kwanza tu baada ya kuweka betri, yaani ule muda ambao mnunuzi anajaribu. Baada ya hapo inalala ili betri idumu. Kwa hiyo mtihani wangu wa kiberiti kwa wateja wote ulikuwa unafaulu kwa sababu nilikuwa naufanya dakika ya tatu. Nilikaa kwenye kiti cha fundi sikuweza kuongea.

Halafu fundi akanifanyia hesabu nyuma ya risiti ambayo ningeifanya mapema nisingeliwa. Sensa kama MQ-4, ile ya methani, yaani gesi yenyewe iliyo nyingi kwenye gesi asilia, inakula kama miliampia 150 kwa kupasha joto tu, muda wote. Betri ya AA nzuri ina kama miliampia-saa 2,500. Gawanya, unapata saa 16 au 17, haifiki siku. Yule jamaa aliandika betri inadumu miaka 2. Miaka 2 ni saa 17,520, kwa hiyo kifaa kizima kinaruhusiwa kula wastani wa miliampia 0.14. Sensa peke yake inataka mara elfu moja ya hiyo. Haiwezekani. Ukiona tangazo la alamu ya gesi ya AA miaka miwili na ndani ni kopo la MQ, huo ni uongo hata kabla hujaifungua.

Sio kwamba alamu za betri za methani hazipo, zipo za kweli, nisije nikawaharibia wengine biashara. Figaro wa Japani wana sensa ndogo sana, TGS8410, kipasha joto chake ni kidogo mno kiasi kwamba kinapata moto na kupoa ndani ya muda mfupi sana, kwa hiyo kinapigwa mipigo mifupi ya umeme na wastani wa umeme hauli hata miliwati moja. New Cosmos wa Osaka nao wanatengeneza alamu za namna hiyo, na Con Edison, kampuni ya umeme na gesi ya New York, imefunga alamu za methani za betri kwa wateja wake karibu na pale bomba linapoingia nyumbani. Lile kopo la MQ ni kubwa, linataka dakika kadhaa lipate joto, na karatasi zake za maelezo kutoka kiwandani zinataka lipashwe saa 24 au hata 48 kabla hujaamini linachosema. Kulipiga mipigo ya nusu sekunde ni usanii. Na zile sampo mbili? Tulizifungua pia. Ndani sensa ni nyingine kabisa, ile ndogo. Bodi rangi nyingine. Mzigo wangu na sampo vilifanana ganda tu.

Cheti nacho. Alinitumia PDF ya CE, ile alama ya viwango vya Ulaya, na ripoti ya EN 50194, ile ya alamu za gesi za majumbani. Sikuisoma, niliona mihuri nikaridhika. Baadaye nikaiandikia maabara iliyotajwa juu, wakanijibu siku ya pili kwamba namba ile ya ripoti ni ya taa ya LED. Siku mbili tu na imeli moja, bure kabisa. Ripoti ya kweli ya vipimo huwa na picha za ndani za kifaa, bodi na sensa, mwombe ripoti kamili halafu fungua sampo yako ulinganishe, halafu mzigo ukifika fungua piisi kadhaa ulinganishe tena. Akikupa kurasa mbili za mwanzo tu ujue kuna kitu.

Kingine ambacho kingenishtua ningekuwa makini ni kile kikaratasi cha maelezo. Nje ya boksi kimeandikwa gesi asilia, ndani kinakuambia ufunge sentimita 30 kutoka sakafuni. Gesi yetu ya Songo Songo karibu yote ni methani, nyepesi kuliko hewa, inapanda juu, alamu inakaa karibu na dari. Ya chini ni kwa gesi ya mtungi ambayo ni nzito inatambaa sakafuni. Mtu anayetengeneza kifaa hiki kweli hawezi kukosea hapo. Na kiberiti pia ni butani, kwa hiyo hata kikilia hakijakuambia kitalia kwenye methani kiasi gani. Methani inaanza kuweza kulipuka ikifika asilimia 5 ya hewa, alamu nzuri inatakiwa ilie mapema sana, kwenye sehemu ya kumi ya hapo au karibu. Kile kitufe cha TEST ndio kabisa, kinapima spika na taa, sensa hakiigusi.

Mimi sasa hivi utaratibu ni huu: naweka betri, naacha usiku kucha, asubuhi ndio napima, kwa kopo la gesi ya kupimia yenye methani asilimia 2.5 iliyobaki hewa, haiwaki hiyo, na bila kuchomoa betri kabla. Kikishindwa kimoja kati ya kumi mzigo wote unarudi kwenye boksi.

Nilipomtumia video ya mita alisema fundi wangu hajui kazi. Nikamtumia jibu la maabara, akanipa ofa ya punguzo asilimia 10 kwa oda inayofuata, kweli tena, oda inayofuata! Baada ya hapo akanibloku. Wateja 41 nimewazungukia mmoja mmoja nikachomoa na kuwarudishia hela zao, yule mama wa Mikocheni alikataa hela akasema kule kufika kwangu siku ile kunatosha, nikazidi kujisikia vibaya. Vilivyobaki viko stoo, siviuzi hata kwa vipuri.

Alama zake sasa. Video ya tangazo inaonyesha ukuta wa vigae vyeupe vya jikoni, kigae kimoja kina ufa upande wa kushoto juu, unatokea mkono wenye uzi mwekundu kifundoni unashika kiberiti. Video hiyohiyo nimeikuta kwenye majina yote matatu. Anasisitiza betri miaka 2, bei chini ya dola 8, na akaunti inabadilika siku ya salio. Na kuna watu hapa mjini wanauza insta vyenye ganda lile lile kwa elfu 65, inawezekana nao wamepigwa bila kujua, kwa hiyo kama unacho ukutani kiache na betri ndani usiku kucha, asubuhi fungua bila kuchomoa betri uguse kopo kwa kidole.

Kama umeshalipa advansi na salio bado, usilipe. Mwambie achukue piisi moja kutoka kwenye mzigo wako, iwe imewashwa tangu jana, aifungue kwenye simu ya video na ashike mita kwenye miguu ya kipasha joto wewe unaangalia. Juzi nilimwomba hivyo huyo wa jina la tatu kwa namba nyingine nikijifanya mteja mpya kutoka Mombasa. Tiki mbili za bluu, mpaka leo hajajibu.