Kola ya shingo ni nzuri, lakini kifungio chake kimenitesa

Nilivalishwa kola ya shingo baada ya bodaboda niliyopanda kuanguka kati ya Busia na Tororo, na sitaki kuwa mtovu wa shukrani: siku ya kwanza, kidevu kilipotua mahali pake na uzito wa kichwa ukaniondoka shingoni, nililala usingizi niliokuwa nimeusahau.

Kinachonikera ni kifungio. Hii ni kola ya kurekebishwa, ambayo kimo chake hupandishwa na kushushwa kwa kipande cha plastiki chenye meno, nacho kimewekwa mbele, chini ya kidevu, mahali hasa panapopokea kila msukumo wa taya. Nikitafuna, hata matoke yaliyopondwa, nasikia "tak", jino moja limeachia, kichwa kinainama. Mtu aliyekatazwa na daktari kuinamisha kichwa anakula kila tonge kwa hofu!

Nilirudi dukani, Kampala, nikiwa nimejishika taya kwa mkono. Muuzaji hakuinuka hata kitini. "Mama, kaza mikanda, utazoea." Nikaikaza. Jioni uso ulikuwa umevimba na panja zinapiga, kwa sababu kola inayobana mno huzuia damu inayorudi kutoka kichwani, jambo ambalo anayeuza vifaa vya shingo hana udhuru wa kutolijua.

Labda naionea kola yenyewe. Mtaalamu wa tiba ya viungo aliyeniona baadaye alipima kwa vidole vyake, kutoka juu ya bega hadi usawa wa kidevu, akaniambia kwamba niliuziwa ikiwa imepandishwa mno, inakisukuma kichwa nyuma, na kwamba huenda ndiyo sababu meno yalielemewa. Akaishusha hatua moja, na kwa siku kadhaa haikulia. Nikaanza kuzijutia hasira zangu.

Kisha taksi niliyopanda ikaingia shimoni, na "tak". Hapana, sikuionea. Shingo ina pingili 7, na aliyebuni kifaa cha kuzituliza alipaswa kuweka pini inayopenya upande hadi upande, isiyoachia mpaka ichomolewe kwa mkono. Siku hizi kaka yangu huzungushia kifungio plasta kila asubuhi, mizunguko mitatu, huku akinisihi, "Dada, usigeuke kwanza," na tangu aanze kufanya hivyo haijalia tena.