Kitabu cha Ranajit Guha kuhusu maasi ya wakulima India

Jamani hiki kitabu cha 1983, Elementary Aspects of Peasant Insurgency in Colonial India, nimekipenda mno. Guha alizaliwa Bengal 1923, akaja kufundisha Sussex Uingereza halafu Canberra Australia, na ndo mwanzilishi wa Subaltern Studies, lile kundi la wanahistoria wanaoandika historia ya watu wa tabaka la chini. Anachofanya humu ni kuchukua ripoti za maofisa wa Kiingereza, zilezile zinazowaita wakulima wahalifu, anazichambua mpaka unaona waasi walikuwa wanafikiria nini. Ile sehemu ya habari zilivyosambaa kwenye uasi wa Wasantal, kabila la mashariki mwa India, mwaka 1855, ngoma zinalia, uvumi unaruka, tawi la mti uitwao sal linapitishwa kijiji hadi kijiji, aisee nimeirudia kusoma. Ila lugha yake nzito kweli, na wanawake hawasikiki sana, hilo limeniuma. Kinunueni tu, mkisome taratibu.