Krimu za Ganzi kwa Shughuli Ndogo za Ngozi: Ipi Itangulie, Ipi Iachwe

Anayekwenda kuondolewa chunjua, kuchorwa tattoo au kunyolewa vinyweleo kwa leza, sawa na mzazi anayempeleka kutolewa damu mtoto anayeogopa sindano, hukuta famasia tyubu zinazofanana kwa sura lakini zinazotofautiana sana kwa kazi. Wanunuzi wengi hutazama kwanza asilimia, wakidhani namba kubwa ndiyo ganzi bora. Mpangilio huu unazingatia muda ambao krimu huhitaji, kina cha ganzi yake, na uhakika wa kilichomo ndani ya tyubu.

Nafasi ya kwanza naupa mchanganyiko wa dawa mbili za ganzi, lidokaini asilimia 2.5 na prilokaini asilimia 2.5, ambao wengi huujua kwa jina la Emla, ingawa viwanda vingine hutengeneza krimu yenye viambato hivyohivyo kwa kiasi kilekile, na sioni sababu ya kulipia jina ikiwa tyubu ya bei nafuu imesajiliwa. Nguvu yake iko kwenye kina: ikikaa saa moja ganzi hushuka takriban milimita 3, na ikikaa saa mbili hufika milimita 5. Anayeisugua kama losheni mpaka ipotee ametupa fedha zake. Hupakwa nene kiasi cha kuonekana, kwenye ngozi isiyo na jeraha na mbali na macho, kisha hufunikwa kwa plasta ya plastiki isiyopitisha hewa na kuachwa mpaka muda utimie. Kwa mtu mzima anayetolewa damu, nusu ya tyubu ya gramu 5 inatosha eneo la sentimita za mraba 20 hadi 25, kwa hiyo tyubu ya gramu 30 inafaa zaidi zahanati kuliko mtu mmoja. Ikishafutwa, ngozi huonekana imepauka kwa kuwa mishipa midogo imesinyaa. Hilo si dhara, ila mtoa damu anaweza kupata taabu kidogo kuuona mshipa.

Doa lake ni prilokaini, ambayo inaweza kuifanya himoglobini ya damu ishindwe kubeba oksijeni ipasavyo. Hatari hiyo huwa kubwa zaidi kwa watoto wachanga na kwa wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kurithi inayopatikana zaidi katika maeneo yenye malaria, pwani yetu ikiwemo. Anayetumia Septrin, dapsoni au primakwini amweleze mfamasia kabla ya kulipa, kwa sababu dawa hizo nazo huchangia tatizo hilohilo. Mtoto wa chini ya miezi 3 asipakwe zaidi ya gramu 1, wala krimu isimkae zaidi ya saa moja.

Kwa watu hao ningependekeza krimu ya lidokaini pekee ya asilimia 4, kama LMX4, ambayo nimeiweka nafasi ya pili. Haina prilokaini, na kwa kawaida hufanya kazi ndani ya dakika 30, jambo linalomfaa mwenye haraka.

Ya tatu ni jeli ya tetrakaini ya asilimia 4, kama Ametop. Kwa sindano ya kutoa damu huhitaji dakika 30, kwa kanula (mrija mdogo wa plastiki unaoachwa ndani ya mshipa) dakika 45, na ganzi yake hudumu saa 4 hadi 6. Tena huitanua mishipa badala ya kuisinyaza. Ingepanda juu kama isingehitaji jokofu la nyuzi 2 hadi 8, sharti gumu kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa iwapo tyubu inaletwa na bodaboda adhuhuri. Pia huwasha na kuwekundisha ngozi za baadhi ya watu.

Barafu iliyofungwa kwa kitambaa ni ya nne: ganzi yake ni ya muda mfupi tu, lakini kwa kutoboa masikio mara nyingi inatosha.

Zinazoshika mkia ni krimu za mtandaoni zinazojinadi kuwa na lidokaini asilimia 30 au 40. Mwezi Machi 2024, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitahadharisha kuhusu bidhaa za aina hiyo na kushauri watu wasitumie krimu yenye lidokaini inayozidi asilimia 4 bila usimamizi wa daktari. Miaka kadhaa kabla ya hapo, mamlaka hiyo ilieleza vifo vya wanawake wawili, wa miaka 22 na 25, waliojipaka krimu kali miguuni na kuifunga kwa plastiki kabla ya leza; walipatwa na degedege, wakazimia, wakafa. Dawa iliingia kwenye damu kupitia eneo kubwa la ngozi lililofunikwa. Kabla ya kununua, hakikisha bidhaa imesajiliwa na mamlaka ya dawa, TMDA, kwa Tanzania au Bodi ya Dawa na Sumu kwa Kenya, na ukitaka leza ya miguu yote, omba ifanywe sehemu ndogo ndogo kwa siku tofauti.