Mifuko mbadala ya matunda na mboga supamaketi: ipi inafaa na ipi inasumbua

Naanza na mizani, maana hapo ndipo mifuko mingi mbadala inapokwama. Vile vifuko vyepesi vya plastiki vinavyochanwa kimojakimoja kwenye rafu za mboga vina uzito wa gramu chache tu, kwa hiyo hakuna anayevihesabu. Mfuko wa pamba wa saizi hiyohiyo unaweza kufika gramu 40, na wa bafta nzito ukafika 50 au zaidi. Kwa kilo mbili za viazi, gramu 50 si kitu. Kwa gramu 250 za uyoga, umeongeza moja ya tano ya bei kulipia kitambaa chako mwenyewe. Mfuko wa wavu wa poliesta huwa na gramu 10 hadi 15, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya mimi kuupendelea, ingawa poliesta nayo ni plastiki na kila ukifuliwa huacha nyuzi ndogo majini.

Kama keshia ndiye anayepima, mpe mfuko mtupu kwanza. Mizani nyingi zina kitufe cha T kinachorudisha namba kwenye sifuri mfuko ukiwa juu yake. Mifuko iliyotengenezwa vizuri ina lebo ya uzito iliyoshonewa ubavuni, na keshia anaweza kuingiza namba hiyo bila kupima. Iamini lebo ya poliesta, lakini ya pamba usiiamini sana. Pamba hufyonza unyevu wa hewani kiasi cha asilimia 8 ya uzito wake hata ikiwa kavu mkononi, wakati poliesta haifiki asilimia 1. Mfuko wa pamba ulioanuliwa mbichi unaweza kupita lebo yake mbali.

Mahali ambapo mteja anajipimia na mashine inatoa stika, njia isiyo na usumbufu ni kupima mboga zikiwa wazi kwenye sahani ya mizani, uchapishe stika, ndipo uzitie mfukoni. Ukiamua kutumia kitufe cha T, kibonyeze tena ukishaondoa mzigo. Usipofanya hivyo mizani hubaki na namba hasi, na anayefuata anapata vipimo visivyo vyake.

Stika yenyewe haishiki kwenye wavu. Ibandike kwenye lebo au kwenye tunda moja kubwa, na uitoe kabla ya kufua kwa sababu gundi ikikutana na maji ya moto huenea na kuziba matundu. Matunda mengi pia huja na vistika vidogo vyenye namba ya tarakimu nne: 4011 ni ndizi za kawaida, na namba ikitanguliwa na 9 ni zao la kilimo hai. Keshia akiiona kupitia wavu hana haja ya kufungua. Bafta inashindwa hapa. Haionyeshi kilichomo, kila mfuko unafunguliwa, na foleni nyuma yako inaanza kukohoa.

Ukinunua mfuko wa wavu, ugeuze ndani nje kabla ya kulipa. Mshono wa mara moja na ukingo usiopindwa ndio unaofumuka kwanza, hasa pembe za chini, kwa kuwa wavu hauna nyuzi nyingi za kushikilia uzi. Tafuta ukingo uliopindwa ukashonwa mara mbili au kuviringwa na utepe. Matundu ya milimita 2 yanatosha. Yakiwa makubwa zaidi vikonyo vya nyanya ndogo na pilipili hunasa, na maharage mabichi yanachungulia nje. Kile kibanio cha plastiki kwenye kamba ndicho kinachovunjika mapema kuliko kitu kingine chochote; kitoe, funga fundo, habari imekwisha.

Kushona mwenyewe ni rahisi, na pazia kuukuu la wavu ni malighafi nzuri kuliko kitambaa kipya. Kwa mfuko wa sentimita 28 kwa 35, kata kipande cha upana wa sentimita 31 na urefu wa 76, ukikunje katikati upande mzuri ukiwa nje. Shona mbavu mbili nusu sentimita kutoka ukingoni, punguza ukingo, geuza, kisha shona tena kwa sentimita 1 ili ncha mbichi zijifiche ndani. Upande mmoja simamisha mshono sentimita 5 kabla ya mdomo. Pinda mdomo sentimita 1, kisha 2, shona kuzunguka, na upitishe kamba ya sentimita 76 kwenye nafasi uliyoiacha. Tumia uzi wa poliesta na sindano nyembamba. Wavu ukivutwa na meno ya cherehani, weka karatasi nyembamba chini yake na uichane ukimaliza.

Kwa mboga za majani ni lazima nikiri kwamba kifuko cha plastiki kilikuwa na kazi ya maana: kinazuia unyevu usipotee. Majani yakiachwa kwenye wavu ndani ya friji hunyauka haraka, kwa sababu hewa ya friji ni kavu na inapita kila tundu. Wavu uwe wa kubebea tu. Nyumbani hamishia majani kwenye chombo chenye kifuniko, au kwenye mfuko wa bafta uliolowekwa ukakamuliwa hadi usidondoke hata tone. Kwanza kung'uta maji yote yaliyo kwenye majani. Wengi huharibu hatua hii kwa kuacha kitambaa kikiwa chepechepe, na majani ya chini yanaanza kuteleza na kunuka. Kitambaa kikikauka, nyunyizia maji kidogo. Karoti zikate majani kabla ya kuhifadhi, maana huendelea kunyonya maji ya mzizi. Hapo bafta inajilipa, na ndiyo sababu sijaitupa licha ya uzito wake.

Karatasi ya kaki watu huidharau kwa kuwa inachanika ikilowa, na ni kweli: mboga zilizonyunyiziwa maji rafuni hutoboa chini kabla hujafika mlangoni. Lakini kwa uyoga hakuna kinachoizidi, kwani karatasi hunyonya jasho linaloufanya uteleze. Viazi navyo vinapenda giza la kaki. Mwanga ndio unaovigeuza kijani na kuongeza sumu ya solanini. Parachichi gumu ukilifungia kwenye kaki pamoja na ndizi mbivu huiva upesi, kwa kuwa gesi ya ethilini inayotoka kwenye ndizi inabaki humo. Mfuko uleule wa kaki unaweza kutumika mara kadhaa ukiwa mkavu.

Mifuko inayoitwa ya kuoza inahitaji macho. Iliyothibitishwa kwa EN 13432, kiwango cha Ulaya cha vifungashio vinavyooza, lazima isambaratike ndani ya wiki 12, lakini katika mitambo ya mboji yenye joto la nyuzi 58 hivi, si kwenye shimo la nyuma ya nyumba. Kwa mboji ya nyumbani tafuta alama inayosema hivyo wazi. Italia iliamuru vifuko vya aina hii kwenye rafu za mboga tangu Januari 2018, na faida yake kubwa naiona baada ya ununuzi: kifuko kinatumika tena kubebea maganda hadi kwenye mboji. Ila usikichanganye na plastiki za kurejelezwa, kwani kinaziharibu. Na ile iliyoandikwa "oxo", yaani plastiki ya kawaida iliyotiwa kemikali ya kuivunjavunja, iache. Haiozi, inavunjika vipande vidogo tu, na Umoja wa Ulaya umepiga marufuku bidhaa zake tangu 2021.

Kuhusu pamba kuwa rafiki wa mazingira, ripoti ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ya mwaka 2020 ilikadiria kwamba mfuko wa pamba wa kubebea bidhaa unahitaji kutumika mara 50 hadi 150 ndipo athari yake kwa tabianchi iwe chini ya mfuko wa plastiki wa mara moja. Vifuko vya plastiki vya mboga ni vyembamba kuliko mifuko hiyo ya plastiki, kwa hiyo usitarajie hesabu iwe nyepesi. Kununua seti ya mifuko kumi ya pamba huku mitano ikilala kabatini ni hasara tupu. Mimi ningechukua mitano: mitatu ya wavu na miwili ya bafta. Ndizi, nanasi, tikiti, kabichi na parachichi mojamoja ziende wazi kwenye kikapu. Zina maganda yake.

Poliesta ifue kwa maji ya nyuzi 30 hadi 40 na uianike. Ikipigwa pasi ya moto inaweza kuyeyuka. Pamba inavumilia nyuzi 60, lakini ikiwa haikufuliwa kabla ya kushonwa itasinyaa mara ya kwanza, hivyo kata kubwa kidogo. Nyama mbichi usiitie humo kabisa, na mfuko uliobeba viazi vyenye udongo ukung'ute ukiwa mkavu kabla ya kuulowesha, la sivyo udongo unageuka tope na kuingia kwenye mishono.