Begi la mtoto la mtumba, Ngamiani: tazama kitako kabla ya rangi

Kwenye mitumba ya Ngamiani, hapa Tanga, begi la kubebea mtoto huuzwa kwa sura yake. Lenye katuni na rangi kali hutundikwa mbele na bei hupanda. La kaki lililopauka huzama chini ya rundo. Anayejua kazi huanzia kwenye rundo.

Tunalozungumzia ni begi laini lenye mkanda mpana wa kiuno, mikanda miwili ya mabega na vifungo vya plastiki vya kubana. Linafaa. Kwa mwendo mrefu wa miguu linaishinda kanga, maana uzito unahamia kiunoni na mabega yanapumua. Ila mengi yaliyomo kwenye rundo si ya kununua, na kasoro kubwa iko mahali pamoja: kitako.

Kitako ni kile kitambaa kinachopita chini ya mapaja. Kinatakiwa kitoke nyuma ya goti hili hadi nyuma ya goti la pili, magoti yawe juu kuliko makalio, mtoto akae kama chura. Mabegi mengi ya zamani yana kitako chembamba kama kiganja: miguu inaning'inia kama suruali kwenye kamba, na uzito wote unakaa msambani. Kwa mtoto mchanga tundu la nyonga bado ni gegedu laini, na mkao wa kuchuchumaa ndio unaokiweka kichwa cha mfupa wa paja vizuri ndani yake. Ukiwa umeshalinunua jembamba, usilitupe. Tandaza mtandio wa pamba chini ya mapaja toka goti hadi goti, kisha ufunge ncha zake imara kiunoni.

Hapo kanga ya bibi inacheka, maana upana wa kutandika chini ya mapaja inao tangu zamani. Tatizo lake ni jingine. Kanga mpya ina wanga na huteleza. Ifue mara mbili kabla ya kubebea, na usiamini ile ya kuchanganywa na nailoni. Kusokota ncha na kuchomeka kifuani hulegea kwa jasho, kwa hiyo piga fundo.

Turudi kwenye begi. Bana kila kifungo mara kumi: lazima kilie "ta!" na kisiachie ukivuta kwa nguvu. Tazama meno yake kwenye mwanga; mstari mweupe ni ufa unaoanza, kwani jua huifanya plastiki kuwa kavu na kukatika. Geuza begi ndani nje, utazame pale mikanda ya mabega inaposhonwa kwenye mwili wa begi. Pawe na mishono iliyorudiwa, si mstari mmoja. Fundi cherehani anaweza kurudia mshono. Kifungo kilichopasuka hakigundishwi. Kabla ya mtoto, weka ndani kilo 10 za unga na utembee nalo nyumbani.

Kuna aina moja ya kuacha kabisa hata ukipewa bure: mfuko wa bega moja unaomlaza mtoto ndani, umekunjamana kama samaki kapuni. Mwaka 2010 tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu mbeleko za bega moja kwa watoto walio chini ya miezi 4, kwa sababu ya vifo vya kukosa hewa. Mitumba nayo hutoka huko huko.

Kukosa hewa hakuna kelele. Kidevu kikilala kifuani, njia ya hewa, ambayo kwa mchanga ni nyembamba na laini, inajikunja. Mtoto halii, anazimika tu. Kwa hiyo funga mkanda wa kiuno kwanza, mpakate mtoto kifuani, pandisha begi mgongoni mwake, vaa mikanda ya mabega mmoja mmoja huku mkono mmoja ukiwa mgongoni kwake daima, ndipo ukaze. Kisha hakikisha: uso unauona bila kufunua kitu, paji la uso unalibusu bila kujinyoosha, vidole viwili vinapita chini ya kidevu. Akiwa amelegea hadi anajikunja, kaza tena. Mgongoni asubiri mpaka shingo na kiwiliwili viwe imara, kwa begi ni kama miezi 6. Aliyezaliwa njiti au na uzito mdogo, waulize kliniki kabla ya kumbeba.

Wakati wa kaskazi begi nene ni tanuri. Chagua lenye kitambaa cha wavu, mvike mtoto nguo moja nyepesi, na umguse kisogoni mara kwa mara. Kikiwa na jasho na joto kali, mtoe. Usimfunike uso kwa mtandio kukinga jua, tumia mwavuli.

Na kwa kuwa Tanga ni mji wa baiskeli: begi halimlindi mtoto kwenye baiskeli wala bodaboda. Hata jikoni, ukikaanga, mshushe.

Kufua, tumia sabuni ya kawaida na maji baridi. Jiki hudhoofisha uzi na mikanda huku kitambaa kikionekana kizima. Anika kivulini, vifungo vikiwa vimefungwa.