Maiki ya Valvu: Kabla Hujalipa, Geuza Boksi Uangalie Nyuma

Miezi saba iliyopita nilinunua maiki ya valvu (ile yenye kidude cha kioo ndani kinachokuza sauti) Kariakoo, ya mkono wa pili, kupitia kwa winga. Kesi safi, maiki inang'aa, na hela yenyewe nilikuwa nimeichanga tangu Ramadhani. Nikauliza mbona plagi ina vijiti viwili bapa. "Dada angu, weka adapta tu, hiyo inapiga mzigo." Nikaweka adapta. Kufika studio, Sinza, nikabonyeza swichi. Taa nyekundu ya boksi la umeme la maiki iliwaka kwa ukali nisioutegemea, ikafuata "paa!", na chumba kikajaa harufu ya vanishi iliyoungua. Nilipoligeuza boksi na kufuta vumbi kwa kidole, nikasoma maandishi madogo meupe: 115V. Umeme wetu ni 230V.

Kwa hiyo habari za sauti "yenye joto", ambayo maiki hizi husifiwa nayo, utazisoma kwingine. Mimi nataka tuongelee boksi.

Maiki ya kondensa ya kawaida, ile ya studio isiyo na valvu, inaishi kwa ile 48V ya fantomu, umeme unaotoka kwenye mikisa kupitia waya huohuo wa sauti. Valvu haitosheki na hiyo: inataka volti nyingi zaidi, tena inataka umeme wa pembeni wa kuipasha moto. Ndiyo maana maiki hizi huja na boksi lake la umeme na waya wake wenye pini nyingi, mara nyingi saba. Boksi likifa, maiki ni pambo la mezani. Na ukipoteza huo waya, kuupata Dar ni kazi. Nimezunguka Msimbazi yote nikiuulizia.

Kwa mizani hiyo, ninazipanga hivi.

Ya kwanza ni Rode NTK. Sifichi, mimi ni mtu wa Rode. Kampuni iko Sydney, na Australia wanatumia umeme wa 230V kama sisi, kwa hiyo boksi lililouzwa kwao linafaa kwetu. Valvu yake ni 6922, ambayo Ulaya inaitwa E88CC, na bado zinatengenezwa mpya. Inasikia mbele tu, na kwa studio iliyo jirani na kituo cha bodaboda hilo ni jambo kubwa. Nimerekodia kaswida kwa NTK ya kuazima, nikasikia hata yule dada anavyovuta pumzi kabla ya kupandisha sauti. Sijapata kuisahau.

Ya pili ni ndugu yake, Rode K2. Kwenye boksi lake kuna kitufe cha kuzungusha, unachagua maiki isikie mbele tu, pande zote, au mbele na nyuma. Kama unarekodi kwaya na waimbaji wamesimama duara, ongeza hela uchukue hii.

Ya tatu ni Warm Audio WA-47, iliyofuata nyayo za maiki ya Kijerumani, Neumann U 47 ya mwaka 1949. Inatumia valvu ya 5751. Sauti yake ni nzuri kweli, lakini nimeishusha kwa sababu moja: ninazoziona hapa mjini zimeletwa kwenye mabegi kutoka Marekani, ambako volti za umeme ni kama nusu ya zetu. Geuza boksi usome.

Neumann U 67 iliyorudishwa sokoni mwaka 2018 ni maiki ya ndoto, na bei yake unaweza kununulia Vitz ya mtumba. Ya bei nafuu ipo Behringer T-47. Kwa kujifunzia inatosha.

Sasa wauzaji. Kuna tabia ya kutoa waya wa pini saba ndani ya kesi na kuuza peke yake, kana kwamba ni nyongeza. Kuna tabia ya kukataa kuchomeka maiki dukani: "Ukifungua tu, umenunua." Na dola ikipanda asubuhi, bei inapanda mchana, shilingi ikipata nguvu, tunaambiwa mzigo uliingia zamani. Hela hizi tunazitoa kwenye harusi na matangazo ya redio, shilingi kwa shilingi. Mtu anayekuzuia usijaribu kitu cha bei hiyo, mwachie kitu chake.

Ukishaipata, itunze. Unganisha waya zote kwanza, shusha sauti ya mikisa, ndipo uwashe boksi. Fantomu zima, haina kazi hapo. Iache dakika 20 ipate moto kabla hujarekodi. Usichomoe waya wa pini saba boksi likiwa linawaka. Umeme ukikatika, zima boksi papo hapo, maana unaporudi unarudi kwa kishindo, na hicho kishindo usikubali kikute swichi imewashwa.

Adui mwingine ni unyevu, hasa masika. Ndani kuna utando wenye dhahabu, mwembamba kuliko unywele. Unyevu ukiuingia, maiki inaanza kutoa milio ya kupasukapasuka kama bisi jikoni. Ukiitoa kwenye chumba chenye AC kwenda kwenye joto la nje, iache ndani ya kesi mpaka ilingane na hewa, la sivyo itatoa jasho kama soda ya baridi. Weka kizuia mate mbele ya mwimbaji, na usiijaribu kwa kuipulizia. Ndani ya kesi weka kifuko cha silika. Ile ya bluu ikigeuka ya pinki imeshajaa maji, ikaushe kwenye oveni.

Na kama tayari unalo boksi la 115, usilichomeke. Tafuta stepdauni, transfoma ya kushusha volti, ya 230 kwenda 115. Ya wati 100 inatosha, maana boksi la maiki halili umeme mwingi. Kabla ya hapo soma kama limeandikwa 50/60Hz (Hz ni mizunguko ya umeme kwa sekunde). Likiwa la 60Hz peke yake, transfoma yake itachemka kwenye umeme wetu wa 50Hz hata kwa stepdauni. Liguse baada ya nusu saa. Likichoma kiganja, zima.

Langu liko kwa fundi Gerezani, anaisuka upya transfoma kwa 230. Maiki nimeifungia kwenye kesi na vifuko viwili vya silika, inasubiri.